Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda

Wahenga waliotuachia usemi huo hawakuijua kompyuta, lakini walituusia sisi tunaoitumia. Wauzaji wa programu mpya hubisha hodi katika ofisi za umma, kila mmoja akiahidi kwamba yake itamaliza foleni na kuziba mianya ya fedha. Huenda ni kweli. Lakini ahadi si ushahidi.

Tuitazame Uingereza, nchi isiyokosa fedha wala wataalamu. Kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta la huko lilieneza katika ofisi zake programu ya mahesabu iitwayo Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Mara vitabu vya mawakala vikaonyesha upungufu wa fedha ambazo hawakuzichukua. Walipolalamika, waliambiwa mtambo uko sawa. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba programu hiyo ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Robo karne ilikuwa imekwisha kupita.

Kosa halikuwa kutumia kompyuta. Kosa lilikuwa kuisadiki mashine na kumkadhibisha mtu, bila ya kuchunguza. Sisi tuliokaa chuoni juu ya jamvi tulifunzwa kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Habari itokayo katika kompyuta haikusamehewa wajibu huo.

Nasi watu wa visiwani tunayo mafunzo yetu. Unguja ilitegemea njia moja ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Bara. Ilipoharibika mwaka 2008, tulikaa gizani karibu mwezi mmoja. Na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za baharini zilikatika, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Je, programu isiyofanya kazi bila ya mtandao itamfaa nini mgonjwa wa Tumbatu siku kama hiyo?

Kwa hiyo tunawataka viongozi wetu, kabla ya kutia saini, waulize: Kumbukumbu za wananchi ni mali ya nani, na zitahifadhiwa wapi? Tukitaka kuachana na muuzaji, tutaondoka nazo? Nani ataitengeneza ikiharibika, na kwa gharama gani mwaka wa tano? Mwananchi akidai kwamba hesabu imekosewa, nani atamsikiliza? Majibu yaandikwe katika mkataba. Kisha programu ijaribiwe katika ofisi moja, sambamba na daftari la zamani, mpaka vitabu viwili vikubaliane.

Wapo watakaosema kwamba tunapinga maendeleo. La, hasha. Nahodha apimaye kina cha maji hapingi safari. Anataka chombo kifike. Anayepinga maendeleo ni yule anayetumia fedha za umma kununua asichokijua, kisha akamtupia lawama karani.

Tupokee mapya kwa macho yaliyo wazi, wala tusiache mbachao kwa msala upitao.