Chango si Homa

Katika vikao vya chama chetu hapa Edgewood, Pinetown, kuna neno moja tunalolitwika mzigo usio wake: homa. Mwenzetu akikosa kikao, tunaambiwa ana homa. Mwezi unaofuata, homa tena, na tarehe hazipishani sana. Sisi wasichana tunaelewa, tunanyamaza. Sisi wavulana tunaelewa nusu, nasi tunanyamaza. Mhadhiri anaandika kwamba hayupo, somo linaendelea.

Muhula uliopita mmoja wetu alijikunja kitandani siku mbili. Jirani yake wa chumba cha pili, mwanachama kama yeye, alikuwa na mpira wa maji ya moto kabatini. Hakuombwa kwa sababu hakuambiwa. Ndiyo maana tunaandika.

Tunaamini kwamba maumivu mengi ya hedhi hutulizwa nyumbani kwa vitu vya bei nafuu, na kwamba kinachotukwamisha zaidi ni haya.

Maumivu yenyewe yana sababu. Wakati wa hedhi mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoufanya ujikaze ili utoe utando wake wa ndani. Zikizidi, misuli hubana kwa nguvu. Maumivu hushuka kiunoni na mapajani. Wengine hutapika au kuharisha. Kwa hiyo anayelalamika hadeki.

Bibi zetu wa pwani walijua dawa ya kwanza: kujikanda. Maji yawe ya moto lakini yasichemke, mpira uzungushiwe kanga au taulo, uwekwe chini ya kitovu. Joto hulegeza misuli, na watafiti waliolipima wamethibitisha kwamba linasaidia kweli. Chai ya tangawizi huwapa wengine nafuu, na kutembeatembea pia husaidia, hata kama mwili unataka kulala tu.

Ya pili ni vidonge. Ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa zile prostaglandini, kwa hiyo imezwe maumivu yanapoanza, baada ya kula, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Wengi wetu husubiri mpaka tugaegae, kisha tukasema dawa haifanyi kazi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba asiimeze kabla ya kumuuliza mfamasia.

Hata hivyo, dawa za nyumbani zisiwe kizibo cha mdomo. Mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, aliugua endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Kwake zilifika hadi mapafuni. Alieleza hadharani jinsi alivyoteseka miaka mingi kabla ya ugonjwa kutambuliwa, akawahimiza wasichana wasikubali kuambiwa kwamba maumivu makali ni kawaida. Alifariki Juni 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Basi maumivu yasiyosikia dawa, yanayozidi mwezi hadi mwezi, yanayokuja hata nje ya hedhi, au yanayoandamana na damu inayojaza pedi kila saa, yapelekwe kwa daktari.

Wapo watakaouliza: hili linahusu nini chama cha lugha? Linahusu sana. Kiswahili husema msichana yuko mwezini. IsiZulu husema usesikhathini, yaani yumo katika wakati. Lugha zote mbili zimetazama kalenda na kuyaacha maumivu. Kiswahili kina neno chango, nalo tunalipenda, lakini limebebeshwa mengi: maumivu ya hedhi, matatizo ya kupata mimba, hata maradhi mengine ya tumbo. Ukisema "nina chango" umefungua mlango tu. Ongeza: linauma wapi, tangu lini, kwa siku ngapi. Huo ndio ufasaha anaouhitaji daktari.

Wengi wetu hapa tunasomea ualimu. Kesho tutasimama mbele ya darasa lenye binti wa miaka 12 aliyeinamia dawati, asiyejua aseme nini. Tangu Aprili 1, 2019, Afrika Kusini haitozi VAT kwenye pedi. Hatua hiyo ni njema, lakini hakuna sheria itakayomfundisha binti huyo kusema. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na mwalimu aliyezoea kusema homa hataiweza.

Tunapendekeza mambo matatu. Chama kinunue mipira miwili ya maji ya moto, ikae pale penye birika letu, achukue anayehitaji bila kuandikisha jina. Wavulana wetu wajifunze kuuliza "nikuletee maji ya moto?" bila kucheka. Na wahadhiri wetu, tunawaomba kwa heshima, mpokee neno chango kama mnavyopokea neno homa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kikao kijacho, atakayekuwa na chango aseme chango. Birika litakuwa limeshawekwa motoni.