Pacha wa kompyuta apimwe kwa hesabu, si kwa sifa

MWEKEZAJI mdogo anayefuatilia taarifa za makampuni makubwa ya viwanda atakuwa amekutana mara nyingi na maneno “pacha wa kidijitali”. Yamo katika ripoti za mwaka, katika hotuba za wakurugenzi na katika sababu zinazotolewa makampuni yanaponunuana. Lakini yaliyotokea sokoni tangu mwaka 2015 yanaonyesha kwamba teknolojia hiyo inaweza kumfaa mwenye kiwanda huku ikimwacha mwenye hisa mikono mitupu.

Pacha huyo ni nakala ya mtambo iliyomo ndani ya kompyuta. Mtambo wenyewe hufungwa vipimio vya joto, mtetemo na shinikizo, na takwimu zake hupelekwa kwenye nakala kila mara, ili nakala ionyeshe uchakavu kama ulivyo kwenye mtambo. Hapo ndipo inapotofautiana na mchoro wa kawaida. Wazo hilo lilielezwa na Michael Grieves katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002, na jina likapata nguvu baada ya shirika la anga la Marekani, NASA, kulitumia mwaka 2010.

Faida yake huonekana wazi katika injini za ndege. Injini mbili za aina moja huweza kutoka kiwandani siku moja, lakini inayoruka kwenye anga la jangwa lenye vumbi huchakaa upesi kuliko inayoruka kwenye hewa safi. Zikifuata ratiba moja ya matengenezo, moja hufunguliwa mapema bila sababu na nyingine huchelewa. Pacha humwonyesha fundi ianze ipi. Rolls-Royce ya Uingereza ina mikataba ambayo shirika la ndege hulipia saa za kuruka, na mzigo wa matengenezo hubaki kwa mtengenezaji. Kwa mkataba wa namna hiyo, injini inayofunguliwa bila sababu hula fedha za mtengenezaji mwenyewe.

BMW ya Ujerumani ilikitengenezea pacha kiwanda kizima. Kiwanda chake cha Debrecen nchini Hungaria kilizinduliwa ndani ya kompyuta Machi 2023, zaidi ya miaka miwili kabla ya uzalishaji wa magari kuanza mwaka 2025. Sababu ya kufanya hivyo ni nyepesi. Roboti inayogonga nguzo kwenye kompyuta husogezwa kwa muda mfupi. Ikigonga baada ya saruji kukauka, kazi husimama na gharama huanza kuhesabiwa.

Hata hivyo, soko halilipi kwa sababu teknolojia ni nzuri. Ushahidi ni General Electric ya Marekani. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliunda tawi la GE Digital, na mkuu wake wa wakati huo, Jeff Immelt, akaahidi kwamba ifikapo 2020 itakuwa miongoni mwa makampuni 10 makubwa ya programu za kompyuta duniani. Mapacha wa injini na mitambo ya umeme walinadiwa kila mahali. Mwishoni mwa 2016 hisa moja ilikuwa zaidi ya dola 30. Kabla ya 2018 kuisha ilikuwa chini ya dola 8. Gawio lilikatwa kwa nusu Novemba 2017, kisha likashushwa hadi senti moja kwa robo mwaka. Juni 2018 GE iliondolewa katika orodha ya Dow Jones, ambamo ilikaa mfululizo tangu 1907.

Mapacha hawakuiangusha GE. Ilizama kwa madeni, kwa biashara ya mitambo ya umeme iliyodorora na kwa mzigo wa bima za zamani. Lakini pia hawakuiokoa, na aliyenunua hisa kwa kusikia habari za kompyuta bila kusoma mizania alilipia kosa hilo.

Leo minada ni mikubwa zaidi. Mwaka 2025 Siemens ilikamilisha ununuzi wa Altair kwa takriban dola bilioni 10, na Synopsys ikaichukua Ansys kwa takriban dola bilioni 35. Wote walionunuliwa ni watengenezaji wa programu za kuiga mitambo. Bei hizo zinaonyesha kwamba matumaini tayari yamelipiwa, na anayeingia sasa ananunua kwa bei ya juu.

Kwa hiyo mwenye hisa anapaswa kuuliza mambo matatu kila kampuni inapojisifia pacha. Saa za mitambo kusimama zimepungua kwa kiasi gani? Akiba hiyo inabaki kwa kampuni au inakwenda kwa muuza programu? Na je, vipimio vya mtambo vinatunzwa, maana takwimu mbovu huzaa pacha mwongo? Maswali hayo yanamfaa pia mwenye hisa za saruji, bia au umeme katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, ambako mtambo uliosimama hupunguza gawio vilevile.

Kampuni yenye majibu itayaweka katika hesabu za mwaka. Isiyo nayo itaongeza picha za rangi katika ripoti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.