Asiyejali Si Mvivu

Watu wasiohudhuria baraza huitwa wavivu. Mimi nasema hapo tumekosea neno, na aliyekosea jina la ugonjwa hukosea na dawa.

Hebu tutazame lugha za Ulaya. Waingereza husema apathy, Wafaransa apathie, Wajerumani Apathie. Wote walilipata kwa Wagiriki, ambao apatheia yao ilikuwa hali ya mtu kutotawaliwa na tamaa wala woga. Wanafalsafa wa Stoa, wafuasi wa Zeno aliyefundisha Athens yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, waliihesabu kuwa fadhila! Leo ni lawama tupu.

Wajerumani wanalo na la kwao wenyewe, Gleichgültigkeit, yaani mambo yote kuwa na uzito sawa. Warusi husema ravnodushie, usawa wa roho: mvua inyeshe, jua liwake, kwake mtu ni mamoja. Uvivu haumo hata chembe.

Nasi je, hatusemi “yote mamoja kwangu”? Husema hivyo hata mkulima aamkaye alfajiri na jembe begani. Kabla ya kumwita mvivu, mwulize ni mara ngapi alisimama barazani akasema, asisikilizwe.