Kufuli la Wazi: Nani Mwenye Anwani?

Ni jambo lisilopingika kwamba anwani ya baruapepe imekwisha kuwa kitambulisho cha pili cha Mkenya. Anayetaka nambari ya mlipa ushuru kupitia mfumo wa iTax hutakiwa kuitoa. Muuza viondo wa soko la Kariokor mwenye wateja ng'ambo huiandika kwenye kadi yake ya biashara. Swali lisiloulizwa sana ni hili: anwani hiyo ni ya nani? Aghalabu ilifunguliwa na kijana wa saiba, nywila ikabuniwa na kijana huyo huyo, naye mama akaondoka na kijikaratasi mkononi. Mwenye jina, basi, si lazima awe mwenye anwani.

Njia inayotumiwa na wengi kuthibitisha umiliki ni nyepesi mno. Tarakimu chache hutumwa kwenye anwani iliyotajwa, na anayezirudisha huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe. Lakini tarakimu hizo zinathibitisha nini hasa? Zinathibitisha tu kwamba kuna mtu aliyeweza kulisoma sanduku lile. Wakazi wa mitaa ya Eastlands wanaulewa udhaifu huu tangu zama za sanduku la posta la kuazima, lile la kanisa, la shule au la mwajiri: barua huwa ya atakayetangulia kufika.

Wataalamu wa hisabati walikwisha kuonyesha njia iliyo imara zaidi. Mwaka wa 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la usimbaji wenye funguo mbili, mmoja wa kutangazwa na mmoja wa kufichwa. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakalipatia wazo hilo kanuni inayotumika, na mwaka wa 1991 Phil Zimmermann akatoa programu ya PGP, iliyomwezesha mtu wa kawaida kuzisimba barua zake mwenyewe. Kwa uthibitishaji wa anwani, utaratibu ni huu: mwombaji hutoa anwani yake pamoja na ufunguo wake wa wazi. Ofisi hubuni tarakimu za kubahatisha, huzisimba kwa ufunguo huo, kisha huzituma kwenye anwani ile. Anayelisoma sanduku bila ufunguo wa siri ataona vurugu tupu ya herufi. Aliye na ufunguo wa siri bila sanduku hatapata barua yoyote. Anayerudisha tarakimu sahihi ameonyesha kwamba vyote viwili vimo mikononi mwake.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili wanapopaswa kusimama kidogo. Istilahi "ufunguo wa umma", ambayo imeanza kuzoeleka, inapotosha. Neno ufunguo limetokana na kitenzi fungua. Msikilizaji akiambiwa kwamba kuna ufunguo wa umma ataelewa, na kwa haki kabisa, kwamba umma mzima umepewa uwezo wa kufungua. Kazi ya kitu hicho ni kinyume: ni kufunga. Kibanda chochote cha Kariokor kina mfano bora kuliko tafsiri hiyo. Kufuli la kubana likiachwa wazi juu ya meza, mpita njia yeyote aweza kulibana. Kulifungua ni kwa mwenye ufunguo peke yake. Kwa nini basi tusiseme kufuli la wazi na ufunguo wa siri? Ni kweli kwamba katika kutia sahihi za kidijitali mambo hugeuka, kwa maana ufunguo wa siri ndio hutangulia, na hapo taswira ya kufuli hulegea. Neno muhuri lingefaa zaidi. Lakini istilahi moja isiyobeba kila kitu ni afadhali kuliko ile inayosema uongo tangu silabi ya kwanza.

Kariokor yenyewe si mgeni wa suala la nani ni nani. Jina lake, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, ni masalia ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu walikufa, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao kamwe. Baada ya vita, serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuvaa kipande shingoni. Kipande kilitolewa na mtawala, na kilimthibitisha mtu kwa mtawala. Ufunguo wa siri hutengenezwa na mwenyewe, na hakuna afisa anayepaswa kuuona. Tofauti hiyo si ndogo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa mchuuzi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito kabla ya mwaka wa 2007, M-Pesa ilipoanza. Tangu hapo mchuuzi huyo huyo amejifunza kuificha nambari ya siri hata kwa mwanawe. Pingamizi lililo na uzito ni jingine. Ufunguo wa siri uliohifadhiwa katika tarakilishi ya saiba si wa siri tena, na ukipotea hakuna wa kuurudisha. Isitoshe, kijana mwenye nywila akiwahi kuwasilisha kufuli lake mwenyewe, hisabati yote itamthibitisha yeye. Kwa hiyo hatua ya kwanza haiwezi kuachiwa mtandao. Kufuli lapaswa kutengenezwa katika simu ya mama mwenyewe, akiwapo, na kukabidhiwa ana kwa ana mbele ya karani aliyekishika kitambulisho chake. Karani huyo atahitaji kumweleza anachokifanya, na kwa sasa maelezo hayo hayapo katika Kiswahili ambacho mama huyo angekifuata hadi mwisho.