Kompyuta ya Mpiga Mbizi na Somo la Hesabu

Maji usiyoyafika hujui kina chake, walinena wahenga. Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni mnamo Septemba 29, 2019, taifa zima lilikijua kina hicho kwa uchungu. Lilipatikana takribani mita 58 chini, likaopolewa Oktoba 11. Wengi waliwalaumu wapiga mbizi kwa kukawia. Wachache mno waliuliza mwili wa binadamu hupatwa na nini huko chini.

Niliyakumbuka hayo majuzi, kijana niliyemfundisha fizikia aliponijia na vijitabu viwili vya matangazo. Anajifunza kuzamia kupita mita 40, mpaka wa wale wazamao kwa kujiburudisha. "Mwalimu, ninunue kompyuta ipi?" aliniuliza. Kifaa hicho hufungwa mkononi kama saa, hupima kina na muda, kisha humwelekeza mwenyewe namna ya kurudi juu.

Mimi si mpiga mbizi, lakini swali lake ni la darasani kwetu. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la angahewa nzima. Katika mita 58, shinikizo hukaribia mara saba ya lile la juu ya maji. Naitrojeni tuivutayo huyeyuka mwilini, na mtu akipanda kwa pupa, hugeuka viputo kama soda ifokavyo chupa inapofunguliwa. Viputo hivyo hupooza, na huua. Mwaka wa 1908, Haldane wa Uingereza, baada ya kuwafanyia mbuzi majaribio, alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo. Kompyuta huifanya hesabu ya namna hiyo papo hapo.

Nilimwambia kijana asitazame rangi wala bei. Aulize kwanza: je, kifaa hiki chaweza kuhesabu mchanganyiko wenye heliamu, na gesi zaidi ya moja katika mbizi moja? Hewa ya kawaida hulevya katika kina kirefu. Pili: je, mpiga mbizi akikiuka kituo, kitaendelea kumwelekeza au kitajifunga? Vipo vya kujiburudisha ambavyo hujifunga, vikamwacha mtu bila mwongozo anapouhitaji zaidi.

Tatu, na hili ndilo kuu: je, hesabu yake yajulikana? Ile ya Bühlmann wa Zurich, igawayo mwili katika mafungu 16, imechapishwa, na yeyote aweza kuikagua. Nyingine ni siri ya mtengenezaji. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba kuanza vituo kwenye kina kirefu zaidi ni salama zaidi. Mwaka wa 2011, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitoa matokeo ya majaribio ya takribani mita 52. Waliotua kwa kina kirefu waliugua mara 11 katika mbizi 198. Waliotua karibu na juu, mara 3 katika mbizi 192. Mwenye kifaa kinachorekebishika, naye akielewa maana ya tarakimu anazoweka, aliweza kubadilika. Aliyekabidhi akili yake kwa mashine hakujua hata kwamba kulikuwa na swali.

Na hata iliyo bora huzimika. Kwa hivyo abebe ya pili, pamoja na mpango aliouandika kwa mkono wake.

Walimu wenzangu, hapa ndipo nasi tunapohusika. Tunawafunza vijana kubonyeza kikokotoo kabla ya kukisia jibu, na kukariri kanuni za Boyle na Henry bila kuzihusisha na bahari iliyo mlangoni petu. Nanyi wanafunzi, msikatae mashine; kataeni kuitumia msipojua inahesabu nini. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: kila ashukaye hana budi kupanda, na kupanda huko ndiko kwenye mtihani.