Barabara za Eldoret bado hazijawa barabara

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuandika neno "barabara" ubaoni ili awaonyeshe wanafunzi kazi ya mkazo. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, twapata njia ipitwayo na magari. Ukirudishwa nyuma kwa silabi moja, twapata maana ya sawasawa, kama inavyotakiwa. Nami nimeutumia mfano huo kwa miaka mingi. Hata hivyo, kila Jumatatu asubuhi nitokapo Kaptagat na kushuka kwenye matatu katikati ya Eldoret, huona kuwa maana hizo mbili bado hazijakutana.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alikosa mtihani. Alikuwa amegongwa na pikipiki akiwa juu ya kijia cha waendao kwa miguu, mahali ambapo pikipiki haina ruhusa kupita. Alivunjika mguu. Nilipokwenda kumjulia hali, mama yake alinikaribisha kwa upole, akasema, "Mwalimu, ni ajali tu. Tumshukuru Mungu yu hai." Nilimwitikia kama adabu inavyotaka, lakini neno lile lilinisumbua njia nzima hadi nyumbani.

"Ajali" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu iliyoandikwa. Nasi tumeongezea methali: ajali haina kinga. Sipingani na imani ya mtu yeyote kuhusu siku yake ya mwisho. Ninalopinga ni kulitumia neno hilo kuficha kazi ya mikono yetu. Kijia kilichojazwa pikipiki na magari yaliyoegeshwa hakikuandikwa mbinguni. Kivuko ambacho milia yake imefutika kilifutika kwa sababu hakuna aliyetumwa kukipaka rangi upya.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 yakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka ulimwenguni. Zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hapa Kenya hesabu ya vifo hivyo hupita 4,000 kwa mwaka, na waendao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi. Kinga, basi, ipo. Tumeiweka upande wa walio ndani ya magari.

Jambo hili lina uchungu wa pekee kwetu sisi wa nyanda hizi, kwa maana ni miguu iliyotupa jina. Eliud Kipchoge alifanyia mazoezi Kaptagat, na tarehe 12 Oktoba 2019 akakimbia mbio za kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikimbia katika njia ya bustani ya Prater, ambayo kwa kawaida haipitwi na magari. Wenyeji huitumia kwa kutembea. Kwetu, kijana anayeota kuwa kama yeye hukimbia alfajiri pembezoni mwa lami huku malori yakimpuliza vumbi. Akija mjini, hukimbia tena, safari hii ili avuke Uganda Road akiwa mzima.

Zamani tuliambiwa kwamba Uganda Road haiwezi kuguswa kwa kuwa ndiyo njia kuu ya mizigo kutoka Mombasa kwenda Malaba. Sababu hiyo imepungua nguvu. Barabara ya mchepuko ya kusini ilijengwa ili malori ya masafa yasilazimike kupita katikati ya mji. Aidha, tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilitunukiwa hadhi ya jiji. Hadhi hiyo na ianze kuonekana chini, pale mguu unapokanyaga.

Yanayohitajika si miujiza. Kwanza, mwendo wa magari katikati ya jiji ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa, kama Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilivyohimiza kwa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Sheria yetu huruhusu 50 mijini, na tofauti hiyo ya 20 mara nyingi ndiyo tofauti ya jeraha na jeneza. Pili, vivuko viinuliwe vilingane na kijia, ili dereva alazimike kupunguza mwendo hata kama hana huruma. Tatu, vijia vipanuliwe na kuwekewa vizuizi vya pikipiki, na viwe na miteremko ya viti vya magurudumu. Nne, sehemu ya mtaa mmoja wenye maduka mengi, kama Oloo Street, ifungiwe magari kwa majaribio.

Najua wenye maduka watalalamika kuwa wateja watapungua. Nawaomba wasimame mlangoni kwa saa moja na kuhesabu ni wangapi waingiao baada ya kushuka kwenye gari lao wenyewe, na ni wangapi waliokuja kwa miguu yao. Wachuuzi na vijana wa bodaboda nao wana hoja nzito, kwani wanatafuta riziki. Kuwafukuza kwa rungu si mpango. Watengewe vibanda na vituo ndani ya mchoro wenyewe tangu siku ya kwanza, la sivyo watarudi jioni ileile, nao hawatakuwa na kosa.

Kigali yatupa funzo hapa. Mwaka 2015 mtaa mmoja wa katikati ya jiji hilo ulifungiwa magari, lakini ukabaki mtupu kwa miaka, wafanyabiashara wakinung'unika. Ni baada ya kutengenezwa upya, ukapata mahali pa kuketi, kivuli na burudani, ndipo watu walipoujaza. Kumfukuza dereva hakutoshi. Sharti umkaribishe mtembezi.

Katiba ya 2010 yaitaka serikali iwashirikishe wananchi katika mipango yake. Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi mjini na daftari. Wapime muda ambao ajuza mwenye kikapu husubiri kabla ya kuvuka. Waandike vijia vilivyozibwa na aliyeviziba. Kisha hesabu hizo zipelekwe kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, zisomwe kwa sauti.

Mwanafunzi wangu amerudi darasani kwa magongo. Hupanda matatu kituo kimoja zaidi, na kulipa nauli ya ziada, ili asilazimike kuvuka pale alipoangukia. Nauli hiyo analipia kosa ambalo si lake.