Kamera Begani: Tununue Mizani Kwanza, Gurudumu Baadaye

Ndugu wanachama,

Katika matawi yetu kuna neno linalozungumzwa sana, nalo ni kama fedha za tawi zinunue vyombo vya kamera au zisinunue. Wengine wasema ni anasa. Wengine wataka tuchukue kila kitu kinachong'aa dukani. Mimi nasema tununue, lakini kidogo na kwa mpango, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, jambo lenyewe si mchezo. Mtu akiumia kazini, au mkutano ukipitisha azimio, picha iliyo wazi ni shahidi. Picha inayotetemeka, ambayo uso wa msemaji umekuwa kama ukungu, haimsaidii mtu yeyote. Tena vijana wetu wengi wana kamera kama kazi ya pili. Reli yetu ilifika Nanyuki mwaka 1930, kisha ikalala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020. Tulioishi kando ya reli iliyolala twajua kwamba mshahara mmoja hautoshi kuaminiwa. Kwa hivyo Jumamosi utawaona vijana hawa kwenye arusi, ruracio na mazishi, kutoka Karatina mpaka Nanyuki. Wanaokopa ili wanunue vyombo visivyowafaa wanapoteza jasho la miezi, na jambo hilo lapasa kukihusu chama.

Vyombo vyenyewe ni viwili. Cha kwanza ni kiunzi cha kuwekea kamera begani, ambacho vijana hukiita rigi. Cha pili ni gurudumu dogo lenye meno la kuzungusha lenzi ili picha iwe wazi. Hilo huitwa folo fokasi. Wauzaji hupenda kuviuza pamoja. Mimi nasema vitenganishwe.

Kiunzi cha begani kina maana. Kamera nyingi za bei ya kadiri zilitengenezwa kwa picha za kawaida, si za sinema. Mwaka 2008 Canon ilitoa kamera iitwayo 5D Mark II, na watu wa sinema wakaipenda kwa kuwa ilitoa picha nzuri kwa fedha chache kuliko kamera kubwa. Lakini umbo lake ni la kushikwa mbele ya uso. Bila lenzi wala betri ina gramu 810. Ongeza lenzi, betri na maikrofoni, utakaribia kilo 2. Mtu atasema kilo 2 si kitu. Basi na anyoshe mikono azishike saa nzima wazee wakizungumza mahari. Mikono itatetemeka, na jioni mgongo utamwambia ukweli.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Kamera za filamu za milimita 16 alizotengeneza Jean-Pierre Beauviala wa Ufaransa, zinazoitwa Aaton, zilifanywa zikae begani kama paka. Na mama zetu walijua kabla yake: mzigo wa kuni hukaa karibu na mgongo, ukanda ukipita kichwani. Wapagazi wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hawabebi mzigo mikononi. Uzito ukikaa mbali na mwili hukua.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Hununua kiunzi chenye pedi ya bega na vishikio viwili, wakafikiri kazi imekwisha. Lakini kamera yote iko mbele ya bega, na nyuma hakuna kitu. Mikono bado inabeba. Kiunzi ni mizani. Ikiwa kamera na vitu vyake ni kilo 1.5, na viko sentimita 30 mbele ya bega, basi nyuma kwahitajika kilo 1.5 kwa sentimita 30, au kilo 3 kwa sentimita 15. Hesabu hiyo ni ya darasa la shule ya msingi. Nyuma weka betri kubwa kwanza, kwa sababu ni uzito wenye kazi. Kisha ongeza kipande cha chuma. Lakini chuma hicho kinunuliwe. Mtu asichukue bolti wala kipande cha reli. Huo ni wizi, na huua abiria.

Ukienda dukani, iwe Nyeri au Luthuli Avenue kule Nairobi, nenda na kamera yako mwenyewe. Ifunge, weka kiunzi begani, achia mikono yote miwili polepole huku rafiki yako akiwa tayari kuidaka. Kamera ikianguka mbele, mizani haipo. Ikikaa, umepata chombo. Muuzaji akikataa usijaribu, toka nje.

Tazama pia vyuma viwili vya kushikia vyombo. Kipimo cha kawaida cha vyombo vyepesi ni unene wa milimita 15, na kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 60. Ukinunua kipimo hicho, vitu vya SmallRig, Tilta, Neewer na wengine vitaingiliana, na kimoja kikivunjika utabadilisha hicho tu. Ukinunua kipimo cha ajabu, umefungwa na muuzaji mmoja. Viungo viwe vya alumini, si plastiki. Skrubu ya chini ya kamera ni ya robo inchi. Nunua mbili za akiba na alenki yake, kwa maana skrubu hupotea siku ya arusi, haipotei siku ya mapumziko.

Fundi wa jua kali naye asidharauliwe. Pedi ya bega, kishikio, na chuma cha nyuma aweza kuvitengeneza vizuri akipewa vipimo. Kiungo cha kushika kamera yenyewe ndicho nisichomshauri mtu kukifanyia majaribio, kwa kuwa kikilegea hasara ni kamera nzima.

Sasa gurudumu la fokasi. Ni chombo kizuri mahali pake. Lina meno yanayoshikana na ukanda wa meno uliovikwa lenzi; kipimo cha kawaida cha meno hayo ni 0.8. Pembeni kuna duara jeupe la kuandikia alama. Bibi arusi akiwa mlangoni, unatia alama ya kwanza. Kiti chake, alama ya pili. Akitembea, unazungusha toka alama hadi alama, na uso wake hautoki katika uwazi.

Lakini sikilizeni. Lenzi nyingi za siku hizi huendeshwa kwa umeme ndani. Ukizungusha pete yake, huzunguka bila mwisho. Alama uliyoandika sasa hivi, ukiirudia huenda ikaangukia mahali pengine, hasa ukizungusha haraka. Kwa lenzi ya namna hiyo gurudumu ni pambo. Gurudumu lahitaji lenzi ambayo pete yake inagonga mwisho huku na huku, kama lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, zungusha pete ya lenzi yako. Isipogonga mwisho, funga pochi.

Na hata lenzi ikifaa, gurudumu la bei rahisi lina ugonjwa wake. Hucheza kidogo kabla ya meno kushika, kama mkono wa pointi uliolegea. Mtu wa reli ajua hatari ya mkono uliolegea: unauvuta, nawe hujui kama pointi imehama. Lizungushe huku na huku ukitazama pete. Pete ikichelewa, liache.

Kuna dawa ambayo haiuzwi dukani. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa kubwa, umefungua tundu hadi f/1.8, na mtu amesimama mita 2 mbele yako, sehemu iliyo wazi ni kama sentimita 17 tu. Akiinama kidogo amepotea. Lakini chukua lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya sensa ya APS-C, funga tundu hadi f/8, weka fokasi mita 2 na kidogo. Kila kitu kuanzia kama mita 1 mpaka kilele cha Kirinyaga kitakuwa wazi. Mchana, kwenye mkutano wa nje, hiyo yatosha kabisa. Kamera nyingi za sasa pia hufuata uso wa mtu zenyewe, nazo hufanya vizuri kama mwanga upo.

Wengine watasema, kwa nini rigi, na siku hizi kuna gimbali yenye mota? Gimbali ni nzuri kwa kutembea. Lakini uzito wote hubaki mikononi, na betri yake ikiisha kazi imesimama. Asubuhi ya baridi ya huku kwetu betri huisha mapema. Na mwenye simu tu asinunue chochote kati ya hivi. Stendi ya miguu mitatu yamtosha.

Jambo la mwisho ni la kazi yenyewe. Mwenye kamera begani jicho lake moja liko kwenye kamera na jingine halioni pembeni. Asitembee kwenye reli hata kama hakuna gari lililoandikwa kupita. Awe na mwenzake wa kumwangalia, na mwenzake huyo ndiye atakayezungusha gurudumu litakapokuja. Hiyo ni kazi ya watu wawili, basi walipwe wawili. Mwenye studio mmoja aliniambia kwamba bega la kijana halichoki. Bega huchoka, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aangalie afya ya anayemfanyia kazi. Kila nusu saa kamera ishushwe, mtu anyoshe mgongo.

Basi shauri langu kwa matawi ni hili. Tawi linunue kiunzi kimoja cha vyuma vya milimita 15, chenye mizani nyuma. Kiandikwe kwenye daftari la mali. Mwanachama akikitaka kwa kazi yake ya Jumamosi, atoe ada ndogo na kutia sahihi. Fedha hizo ziwekwe. Baada ya mwaka, tukiona tuna lenzi inayofaa na watu wawili waliojifunza, tuzungumze habari ya gurudumu. Si kabla.

Kijana mmoja akinunua peke yake kwa mkopo, chombo hukaa chini ya kitanda siku 6 katika 7. Tukinunua wote, kitakuwa kazini kila siku, na deni halitakuwa la mtu. Leteni neno hili katika mkutano ujao wa tawi, na anayepinga asimame aseme sababu zake.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Stesheni ya Naro Moru